Mji Mdogo juu ya Meza

Kuna watu wazima, wenye akili timamu na kazi ya heshima, ambao jioni wakirudi nyumbani huvaa miwani, huketi mbele ya meza kubwa, na kuanza kujenga mji. Hakuna mtu atakayelala ndani ya mji huo. Nyumba zake ni za karatasi ngumu, za mbao nyembamba au za plastiki. Watu wake ni wafupi kuliko kidole. Katikati yake hupita gari la moshi dogo linaloendeshwa kwa umeme. Laingia stesheni, lasimama, laondoka tena, wala halimpeleki mtu ye yote po pote.

Kazi hiyo imeenea sana katika Ulaya na Marekani, na wako wanaoifanya miaka thelathini au arobaini bila kuchoka. Mtu akisikia habari hizi kwa mara ya kwanza hucheka. Husema: Huo ni mchezo wa watoto. Sisi nasi tulicheka. Lakini tulipotazama vizuri namna kazi hiyo inavyofanywa, tuliona kwamba ndani yake mna swali kubwa, tena swali linalotupasa sisi sote, hata tusiokuwa na gari la moshi dogo wala meza ya kuliweka. Swali lenyewe ni hili: Mtu akitaka kuuonyesha mji kwa kweli, amwonyeshe nani, na amwache nani?

Upinde usiolegezwa

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako Wakristu wema wanaodhani kwamba mtu mzima akicheza anamwibia Mungu saa zake. Sivyo. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alichunguza jambo hilo kwa makini. Alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la roho ni furaha. Akakumbusha kisa cha zamani cha Mtume Yohane. Watu fulani walimkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake, wakachukizwa. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyeshika upinde, apige mshale. Akapiga. Akamwambia apige tena, na tena. Mwishoni akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo pasipo kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe.

Lakini Mtakatifu Toma aliweka mipaka. Mchezo usiwe na uchafu wala usimdhuru mtu. Usimpotezee mtu utulivu wote wa moyo wake. Tena ulingane na mtu mwenyewe, na wakati, na mahali. Baba anayenunua magari madogo kwa fedha za shule za watoto wake, huyo hachezi tena; anaiba. Anayejifungia na meza yake hata mke wake amekuwa kama mjane, huyo naye amevuka mpaka. Basi hatumhukumu mwenye mji mdogo kwa sababu anacheza. Twamwuliza tu: Unachezaje?

Hesabu ya meza

Tutazame sasa kazi yenyewe. Kipimo kinachopendwa na wengi ni cha 1 kwa 87, ambacho huitwa H0. Maana yake, kitu cha kweli chenye urefu wa meta 87 huwa meta 1 juu ya meza. Mtu mzima huwa santimeta 2. Nyumba ya orofa sita, yenye meta 20 kwenda juu, huwa santimeta 23. Utasema: Vitu hivyo ni vidogo, chumba kimoja kitatosha. Lakini fanya hesabu ya barabara. Kilometa 1 ya barabara yadai meza ya meta 11 na nusu. Mwenye chumba cha meta 4 hapati hata meta 350 za mji wa kweli. Stesheni moja kubwa pamoja na njia zake ingekula chumba chote, pasibaki nafasi ya kanisa, ya soko, ya shule, wala ya nyumba hata moja.

Kwa hiyo mafundi hutumia werevu. Nyumba za nyuma hujengwa upande wa mbele tu, unene wa vidole viwili, zikabandikwa ukutani. Juu yake huchorwa picha ya mapaa ya mbali yanayofifia katika ukungu. Barabara hupindishwa, ili jicho lisione mahali inapokoma. Jengo la orofa kumi hupewa sita. Lenye madirisha ishirini kwa mstari hupewa manane. Hakuna uwongo katika kufanya hivyo, kwa sababu kila mtazamaji ajua kwamba meza si mji. Walakini jambo moja limekwisha kuonekana: hakuna awezaye kujenga mji bila kuacha. Kila siku fundi husema: Hiki nakiweka, hiki nakiacha. Na hapo, pengine bila kujua, ameingia katika shule ya haki.

Migongo ya nyumba

Mwanafunzi wa kazi hii, mara ya kwanza, huweka vitu vizuri tu. Aweka benki, hoteli, kanisa lenye mnara. Kuta zote zang'aa. Madirisha yote yana taa. Chini hakuna hata karatasi moja iliyotupwa. Lakini mtu akitazama hasemi: Ni mji. Husema: Ni vitu vya kuchezea. Fundi huhuzunika, maana alijitahidi sana, wala hajui kosa lake li wapi. Mwishowe mwenzake mwenye ujuzi humwambia: Ondoka mezani, nenda nje, katazame.

Naye huenda akatazama. Aona kwamba ukuta hauna rangi moja: chini ya dirisha mna mchirizi mweusi wa mvua, chini ya msumari mna mchirizi wa kutu. Aona kwamba usiku si vyumba vyote vyenye taa, maana wengine wamelala na wengine hawajarudi kutoka kazini. Afikiri juu ya mapaa, ambayo mtu wa barabarani hayaangalii, lakini mtazamaji wa mji mdogo huyaona kwanza, kwa sababu anatazama toka juu: mabomba ya moshi, matangi ya maji, viraka vya lami. Akirudi nyumbani huchanganya rangi nyeusi na maji mengi, akaipitisha juu ya kuta, ikakaa katika nyufa za matofali. Husaga chaki ya rangi ya kutu, akaipaka kwa brashi laini. Na kumbe, mji waanza kupumua!

Halafu aona jambo kubwa zaidi. Mara nyingi gari la moshi halipiti mbele ya nyumba za mji, hupita nyuma. Nyumba kubwa hugeuza uso barabarani, na reli hupewa mgongo. Tena karibu na reli mna moshi, kelele na mtikisiko. Kwa hiyo kupanga huko ni rahisi, na katika miji mingi ya dunia wanaokaa huko ni wale wasioweza kulipa kwingine. Msafiri anayeingia mji kwa gari la moshi huona kwanza nguo zilizoanikwa kwenye kamba, ngazi za chuma, mapipa ya takataka, maghala, na watoto wanaompungia mkono. Basi mtu akitaka kujenga mji wa reli kwa kweli, hana budi kujenga nyumba za maskini. Huenda hana huruma hata kidogo. Hata hivyo ukweli wamlazimisha, kwa maana reli yenyewe ndiko inakopita.

Mmarekani George Sellios, katika mji wa Peabody, jimbo la Massachusetts, alijenga mji wa namna hiyo kwa ajili ya reli yake ndogo iitwayo Franklin and South Manchester. Alichagua miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya uchumi, ambapo mwaka 1933 huko Marekani karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Nyumba zake zimebanana. Kuta zina masizi na matangazo yaliyochakaa. Vichochoro vimejaa vitu. Na wenye ujuzi waliuona mji huo kuwa mmojawapo wa miji midogo iliyo mizuri kabisa. Uzuri huo haukutoka katika dhahabu wala marumaru. Ulitoka katika kutoficha.

Mafundi wana siri nyingine. Ukimweka mtu mdogo katika hali ya kukimbia, mguu mmoja juu, punde si punde jicho lachoka naye: mbona hafiki? Lakini ukimweka aliyeketi kizingitini, aliyeegemea nguzo, anayengoja, jicho lamwamini siku zote. Kwa hiyo mji mdogo uliojengwa vizuri hujaa watu wanaongoja. Na katika miji ya kweli, ni nani wanaongoja kuliko wengine? Mwenye kutafuta kazi mlangoni pa kiwanda. Mama mwenye mtoto mgonjwa. Mchukuzi asiyepata mzigo. Kwa mara ya pili kazi yenyewe yamwongoza fundi kwa watu ambao hakuwaalika.

Mwombaji wa kupamba

Sasa tuseme habari ya hatari. Hatari ya kwanza ni kumwacha maskini. Hatari ya pili imefichika zaidi, nayo ni kumweka kama pambo. Madukani huuzwa vijisanamu vya kila namna: polisi, watawa, maharusi, wasafiri na masanduku yao, hata walevi na waombaji. Fundi hununua mwombaji mmoja. Humpaka rangi kwa brashi yenye nywele chache, humwangalia kwa kioo cha kukuzia, humtia viraka kotini, humweka pembeni mwa kanisa. Rafiki zake husifu: Tazama, kama mtu mzima! Kwa saa mbili fundi amelitazama koti la mwombaji. Kesho yake, akienda kazini, apita mbele ya mwombaji wa kweli, mwenye koti kama lile, wala hageuzi kichwa.

Hatusemi kwamba mafundi wote wako hivyo. Twasema kwamba yawezekana, tena si kwa mafundi hawa tu. Mpiga picha, mtunga hadithi, mhubiri anayesimulia taabu za watu ili kanisa lote litoe machozi, na sisi tunaoandika katika kurasa hizi: sote twaweza kumtumia maskini ili kazi yetu ionekane ya kweli. Twamtia kama chumvi katika mboga. Hatumkaribishi kama mgeni. Wazee walisema: Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho ya fundi wetu ni mazima, tena makali kuliko ya watu wengi. Ugonjwa, kama upo, uko ndani zaidi.

Milima miwili

Ugonjwa huo watoka wapi? Twadhani watoka mahali anaposimama. Huko Hamburg, katika Ujerumani, ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001, katika ghala la zamani la bandari, maonyesho ya reli ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland. Watu wadogo waliomo wamezidi laki mbili. Kila baada ya dakika 15 mchana hugeuka usiku, na taa zikawaka madirishani. Katika mji wao wa kubuni uitwao Knuffingen, magari ya zima moto hutoka mbio kwenda kuzima. Mtazamaji huona moto bila kuungua, usiku bila kuogopa, umati bila kusukumwa. Ni furaha isiyo na hatia, na watoto wa nchi nyingi wameipata. Lakini ni furaha ya mtu mkubwa sana anayetazama watu wadogo sana, nao hawawezi kumwomba neno.

Injili yatuonyesha namna mbili za kutazama toka juu. Shetani alimpeleka Bwana wetu juu ya mlima mrefu, akamwonyesha falme zote za dunia na fahari yake. Toka kule miji ilikuwa midogo na ya kupendeza. Hakukuonekana uchochoro hata mmoja. Ilikuwa kitu cha kupewa, cha kushikwa mkononi. Siku nyingine Yezu, akishuka mlima wa Mizeituni, aliuona Yerusalemu mbele yake. Naye pia aliuona toka juu, wote kwa mara moja. Akaulilia. Tofauti haikuwa katika urefu wa mlima. Mshawishi alionyesha mali. Yezu aliona watu watakaoumia.

Tena hakubaki juu. Aliteremka akaingia mji ule, akala na wenye dhambi wake, akagusa wagonjwa wake, akafa nje ya kuta zake. Hapa fundi wa mji mdogo hana uwezo: hawezi kuingia ndani ya kazi ya mikono yake. Muumba wetu aliweza. Alijifanya mdogo akachukua kipimo chetu.

Ndiyo maana Wakristu nao hujenga mji mdogo, tangu zamani, kabla reli haijavumbuliwa. Mwaka 1223, huko Greccio katika Italia, Mtakatifu Fransisko alitengeneza hori la Noeli, lenye nyasi, ng'ombe na punda. Katika karne ya 18 watu wa Napoli walilipanua pango la Noeli hata likawa mji mzima: mwuza samaki, mwuza matunda, mwenye hoteli na sufuria zake, wapiga zumari, kipofu na kiwete. Pango moja kubwa la namna hiyo, lililotokana na vitu alivyovitoa Michele Cuciniello mwaka 1879, liko katika makumbusho ya San Martino mjini humo. Je, kipofu na kiwete katika pango ni mapambo? Hawawi mapambo, kwa sababu katikati ya mji wao yuko Mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni. Mji ule ni wao kuliko wa mwenye hoteli. Twajua pia kwamba wakubwa wa Napoli walishindana kwa mapango yao, kwa hariri na kwa fedha. Hata hori laweza kuwa pambo. Hakuna kazi ya mikono inayoweza peke yake kuutengeneza moyo wa mtu.

Ukingo wa meza

Tulete jambo hili karibu na kwetu. Tufikiri kijana mmoja wa Katanga anataka kujenga mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kama ulivyokuwa katika miaka ya 1950. Mji huo wafaa sana, maana ulizaliwa pamoja na reli: gari la moshi la kwanza lilifika toka kusini mwaka 1910, na mwaka huohuo mji ulianzishwa. Ataweka stesheni, posta, katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, barabara pana na miti yake. Kwa mbali ataweka bomba refu la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha masalio yake. Meza imejaa.

Lakini katika miaka ile, kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya watu weusi, serikali ya kikoloni iliacha kipande cha nchi kitupu, ili watu wakae mbalimbali. Kamalondo, Kenya na Katuba zilikuwa ng'ambo yake. Basi ukingo wa meza utakuwa wapi? Kijana akiikata meza yake penye kile kipande kitupu, kila jengo litakuwa na kipimo sahihi, kila tofali litakuwa na rangi yake, na mji kwa jumla utakuwa uwongo. Kwa maana watu waliobeba matofali ya katedrali, waliotandika reli, waliolisha tanuru za shaba, wengi wao walilala ng'ambo ya ukingo.

Hapo twapata jibu la swali letu. Ukweli wa mji mdogo hauanzi na brashi wala na gundi. Waanza na ukingo wa meza: ni nani aliye ndani, ni nani aliye nje, na kwa sababu gani. Anayekosa nafasi ya kuweka yote hakosi kitu, maana hata mfalme hana meza ya kutosha. Lakini asimwache mtu kwa sababu tu anaharibu sura ya mji. Na akimweka, amweke kwa heshima, kama mwenyeji wa mji ule, mwenye njia aliyotoka na nyumba ya kurudia.

Tajiri wa Injili hakumpiga Lazaro, wala hatusomi kwamba alimfukuza. Lazaro alikuwa langoni pake, hatua chache tu toka meza yake. Tajiri hakumhesabu, basi. Kama angejenga mji wake mdogo, pengine angetengeneza lango vizuri sana, na bawaba zake na vitasa vyake, akasahau aliyelala mbele yake.

John Allen, Mmarekani wa Monterey katika California, alijenga kwa miaka mingi reli ndogo aliyoiita Gorre and Daphetid, na mafundi wengi walimhesabu kuwa mwalimu wao. Akafa mwaka 1973. Siku chache baadaye moto ulishika nyumba yake, na reli yake ikateketea. Milima, madaraja, miji, yote yakawa majivu. Mtu atasema: Kazi ya miaka mingi, hasara tupu! Sisi hatusemi hivyo. Vitu vya mezani huungua, na miji mikubwa nayo huanguka kwa zamu yake. Lakini mtu aliyejifunza kuona mchirizi wa kutu chini ya msumari amepata kitu ambacho moto hauwezi kukigusa, kama akikubali kukitumia nje ya chumba chake.

Basi, msomaji mpenzi, kama una mkono wa ufundi, cheza. Jenga mji wako kwa waya, kwa udongo, kwa mabua, kwa karatasi, na Mungu aifurahie kazi yako. Kisha leo jioni, ukirudi nyumbani, pita polepole nyuma ya nyumba, kule reli inakopita. Watazame wanaongoja. Wasalimu, na uwaulize habari zao.